Susio la Sauti ya Pili

1

Oliva Chambika alifika mazoezini kama kawaida, akasalimia benchi zima kwa mkono, akaketi mahali pake pale pale, wa tatu kutoka dirishani. Kwaya ilipoanza kuimba naye akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimsimama, kifua kikapanda na kushuka, na hakuna mtu mzima aliyesikia kitu. Ilikuwa siku ya thelathini na tatu na watu walishazoea. Mwalimu Kandidi aliyekuwa kwenye kinanda hakumtazama hata mara moja. Sauti ya pili ilikwenda na pengo lake, kama mtu aliyeng'oka jino akajifunza kutafuna upande mmoja.

Aliyemsikia alikuwa mmoja tu. Mjukuu wa Mama Koleta, binti wa miaka mitatu, alisimama mbele ya Oliva akipiga makofi na kuyumba, macho kayatoa. Watoto wa umri ule walikuwa bado hawajatiwa kipuli.

Mama Gaude alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Jina lake mwenyewe la ubatizo lilikuwa Teodosia, lakini tangu amzae Gaudensi aliyekuwa akimwita hivyo ni mumewe peke yake, na mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka wa sita sasa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, wa kukaa pembeni na kuona.

Vipuli vilianza mwaka wa mafua makubwa. Watu walitiwa kimoja kimoja kwenye ndewe, ili zahanati isikie mapigo ya moyo kabla mtu hajaanguka. Baadaye kipuli kikachukua na kazi ya simu, kikachukua na kutafsiri lugha, mpaka nyama ya sikio ikaota juu yake na kukitoa ikawa kazi ya daktari na kisu. Kila sauti iliyoingia sikioni ilipita humo kwanza. Na kwa kuwa ilipita humo, iliweza kuzuiwa humo. Watu saba katika kila kumi jimboni wakiinua kidole dhidi ya mwimbaji, susio lilimwangukia. Akizungumza ulimsikia. Akiimba, ulisikia viatu vyake sakafuni na basi. Hata nyimbo zake za zamani zilinyamaza.

"Hatujamfunga mtu mdomo," watu wa jimbo la Mseta walipenda kusema. "Tumefunga masikio yetu wenyewe."

Oliva na waimbaji wengine kumi walikuwa wamepanda jukwaani kwenye Sherehe ya Bwawa, siku nne baada ya Mkuu wa Jimbo kuwaweka ndani watu thelathini na mmoja wa bondeni, waliokaa barabarani kuzuia matingatinga yasivunje nyumba zao. Susio likawaangukia wote kumi na mmoja. Tangu hapo hakuna mwanamuziki aliyethubutu kumwimbia Mkuu wa Jimbo, na Mseta mkutano usio na muziki haendi mtu. Mara mbili alihutubia viti vya plastiki. Siku ya ishirini akaachia watu tisa. Walibaki ishirini na wawili, na mmoja wao alikuwa Gaudensi, fundi seremala, mtoto pekee wa Mama Gaude.

Kwa hiyo susio lilikuwa likifanya kazi. Hilo hakuna aliyelibishia.

Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili wakati sauti ya Mama Koleta ilipokatika katikati ya neno, kama redio iliyochomolewa.

"Mama Koleta, umemeza inzi?" mmoja wa wanaume wa besi akauliza. Benchi la nyuma likacheka.

"Si naimba!" alisema Koleta, na hilo walilisikia.

"Imba basi."

Akaimba. Midomo ilikwenda, mkono ukahesabu mapigo pajani, kimya. Mjukuu wake akamgeukia akaanza kumpigia makofi na yeye. Kicheko kikaisha. Kabla ya wimbo kumalizika Bernadeta naye alikuwa amepotea, na dada wawili waliokaa nyuma yake.

Koleta akainuka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye hasira za karibu. "Nani kanisusa mimi? Kaka yangu yuko ndani na hao wa bondeni, halafu mnisuse mimi? Nimemwimbia nani?"

Macho ya ukumbi mzima yakamwendea Mama Gaude, kwa sababu ndiye aliyekuwa mshika ufunguo wa kata. Vidole vya watu vikishahesabiwa, susio halikuanguka mpaka washika ufunguo saba wa kata saba waweke dole gumba juu ya kibao, na kila siku arobaini waliweka tena ili liendelee. Mmoja tu akikosa, lilikufa jimbo zima. Walichaguliwa watu wasioweza kununuliwa. Yeye walimchagua kwa sababu ya ujane wake, na Misa za asubuhi, na kwamba hajawahi kuonekana akisengenya mtu kisimani.

"Mimi sijaweka kidole juu yako, Koleta," alisema. "Nitakwenda kuuliza."

Oliva alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoinuka kutoka, hakuna aliyempisha wala aliyemzuia.

2

Fundi Remijio alikuwa na chumba nyuma ya zahanati, ndipo alipotengeneza vipuli vya watu na kuangalia mitambo ya susio ya kata. Jumatatu asubuhi alimwekea Mama Gaude kiti, akamwonyesha ukutani mistari inayopanda na kushuka kama vilima.

"Huyu ni Oliva. Huyu Mama Koleta. Huyu Bernadeta. Tazama hapa mwisho wa kila mstari, mama. Unaona?"

Aliona. Kila kilima, kabla hakijashuka, kilikuwa na mkato mdogo.

"Mwanzoni mashine ilitambua koo," Remijio akaeleza. "Wakaja wajanja, mtu kasusiwa anaimba kwa jina la bandia, anabadilisha sauti kwa dawa. Basi tukaifundisha isitazame koo, itazame tabia. Namna mtu anavyovuta neno, anapokata pumzi. Hiyo mtu haifichi, hata yeye mwenyewe haijui. Sasa Oliva ana urembo wake. Kabla ya silabi ya mwisho anakata pumzi, kidogo sana, kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi."

"Ndiyo."

"Na nyinyi hamsomi nota. Kila mmoja anashika sauti kwa kumsikiliza aliyekaa naye. Amekaa na Koleta miaka kumi na tano, Koleta amekaa na Bernadeta. Wote wamebeba ule mkato. Mashine kila siku inazidi kujifunza, na sasa ikiwasikia inasema, huyo hapo, Oliva amejificha."

"Wamefika wangapi?"

"Jana sitini na mmoja. Leo asubuhi sabini na wanne. Kuna mama kule Mtoni ana mtoto wa miezi mitano. Anambembeleza, mtoto anamsikia, analala. Mama hajisikii. Amekuja hapa analia, anadhani amekufa nusu."

Mama Gaude aliitazama ile mikato ukutani. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kanga.

"Huwezi kuifundisha upya?"

"Miezi mitatu. Na Jumapili ndiyo siku ya arobaini. Mkiweka vidole, linaendelea siku arobaini nyingine, na hao wanawake ndani yake, na wengine watakaoongezeka. Usipoweka wewe, linakufa kwa wote kumi na mmoja." Remijio akasita. "Na Mkuu wa Jimbo ameshafunga maturubai. Anangoja tu. Likifa Jumapili, Jumatatu ana sherehe yenye waimbaji, na Gaude... samahani, mama."

"Sema tu. Gaude anakaa ndani."

"Ndiyo."

Aliaga, akaenda zake. Nyumbani akamwaga mchele kwenye ungo, akaanza kutoa mawe, na katikati ya kazi akaimba kiitikio cha zaburi, taratibu, kama alivyofanya siku zote. Aliyasikia mawe yakigonga ungo. Aliusikia wimbo kifuani tu, kwenye mifupa, kama ngurumo iliyo mbali. Masikioni hapakuwa na kitu.

Hakushtuka sana. Tangu kwa Remijio alikuwa anajua. Ule mkato haukuwa wa Oliva.

Miaka arobaini nyuma, alipokuwa msichana anayefundisha kwaya ya watoto, Teodosia alikuwa na pumu. Pumzi haikumfikisha mwisho wa mstari, kwa hiyo aliiba nyingine ndogo kabla ya silabi ya mwisho, haraka, Padre asione. Watoto walidhani ndivyo wimbo unavyoimbwa. Wakaiga. Kati yao alikuwemo mmoja wa miaka saba, mwembamba, mwenye sauti ya kukufanya uache unachofanya. Pumu ilikuja kumwacha Teodosia. Pumzi ikabaki kwa wale watoto, nao wakaipeleka kwa wengine, na mmoja akaipeleka mpaka kwenye majukwaa makubwa wakamwita malkia.

Aliweka ungo chini. "Bwana," alisema kwa sauti ya kawaida, ile inayosikika, "wewe huvai kipuli. Umenisikia." Kisha akaendelea kutoa mawe, maana mchele ulikuwa bado.

3

Ijumaa Oliva alikuja mwenyewe. Alisimama nje akabisha hodi, akangoja kukaribishwa. Zamani hakungoja. Zamani aliingia moja kwa moja mpaka jikoni na kufunua masufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Chai ipo."

"Sikuja kwa chai."

"Najua. Kunywa."

Oliva akashika kikombe bila kunywa. "Nimeacha kwaya. Nimemwambia Mwalimu. Labda mashine ikiona sipo itawaacha wenzangu."

"Haitawaacha. Nimeuliza."

Kuku alipita mlangoni akaangalia ndani, akaendelea na safari yake.

"Oliva, nikuulize neno, na unijibu kama uko kwenye kitubio. Ulijua?"

"Nilijua." Hakutazama pembeni. "Walikamatwa Jumanne, sherehe ilikuwa Jumamosi. Na Gaude nilijua yumo. Nilijiambia wimbo ni wimbo tu, siasa ni zao. Lakini mama, siwezi kukudanganya. Lile jukwaa lilikuwa kubwa. Taa zile. Watu elfu tisa. Nilitaka. Wenzangu wengine wanasema walilazimishwa, mimi sikulazimishwa na mtu."

"Njaa?"

"Sikuwa na njaa."

Mama Gaude akatikisa kichwa taratibu. Uongo mdogo ungemrahisishia kazi, nao haukuja.

"Na sasa unataka nini?"

"Kwangu mimi, hakuna. Mnisuse, ni haki yenu. Ila Koleta na wenzake hawakupanda na mimi. Waliiga tu pumzi yangu."

"Siyo yako."

"Ipi?"

"Hiyo pumzi. Ni yangu. Nilikuwa na pumu."

Oliva alimtazama bila kuelewa, na Mama Gaude akamweleza yote, Padre na watoto na kuiba pumzi. Kisha mabega ya Oliva yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka chai ikamwagikia gauni.

"Pumu? Mama, kuna profesa aliandika kitabu kizima juu ya ule mkato! Anasema ni uchungu wa mwanamke wa bara! Kwa hiyo miaka yote hii nasifiwa kwa pumu yako?"

"Ndiyo hivyo."

"Na hukusema!"

"Ungeacha. Na ilikuwa nzuri." Mama Gaude naye alikuwa akicheka sasa, kimyakimya, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. Lakini Oliva alipotulia, mwenzake hakuwa anacheka tena.

"Siku tuliyomzika baba Gaude uliimba kaburini. Nina ile rekodi. Kila Jumapili nikitoka Misa nilikuwa naisikiliza. Sasa nikiifungua nasikia udongo unavyodondoka na watu wanavyokohoa. Wewe hupo."

Oliva akaweka kikombe chini.

"Na ni mimi niliyeweka kidole," Mama Gaude aliendelea. "Asubuhi moja, kabla ya kufagia. Haikuchukua hata muda wa ishara ya msalaba. Nilikuwa na hasira na wewe, na haki nilikuwa nayo, na bado naona nilikuwa nayo. Lakini sikujizuia kitu. Sikugeuza hata shingo. Kipuli kilikususa kwa niaba yangu, mimi nikaenda kufagia. Hicho ndicho kinachonitafuna."

"Utafanyaje Jumapili?"

"Bado nasali." Akainuka kuchukua birika. "Ila nikilifungua, usije ukadhani nimekusamehe."

"Sijaomba, mama."

"Basi omba. Kwa wakati wako. Kunywa chai, inapoa."

4

Jumapili baada ya Misa hakuna aliyekwenda nyumbani. Ukumbi wa parokia ulijaa hadi milangoni. Mezani paliwekwa kibao cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na nyuma ya meza alikaa Mama Gaude na kitenge chake cha sikukuu. Remijio alisimama kando yake. Mwisho wa muda ulikuwa kengele ya saa sita.

"Kata sita zimeshaweka," Remijio alisema. "Imebaki sisi."

Mikono ya Mama Gaude ilibaki mapajani. Watu wakaanza kunong'ona.

"Weka kidole, Mama Gaude," alisema Koleta kutoka benchi la mbele.

"Siweki."

Zogo likapanda, likashuka, kwa sababu Koleta alikuwa amesimama. "Ngoja, niachieni mimi. Mama Gaude, mimi ni bubu wiki nzima sasa. Siwezi kumwimbia mjukuu wangu nikajisikia. Na bado nakwambia weka! Nitakaa bubu mwaka mzima, kaka yangu atoke. Tisa wametoka kwa hilo hilo susio. Unataka kuliua na imebaki kidogo tu?"

"Wewe umekubali, Koleta, na nakuheshimu. Yule mama wa Mtoni hajaulizwa. Wamefika mia moja na tatu, hakuna aliyeinua kidole juu yao, na hakuna hata mmoja aliyekosa. Waliiga pumzi tu. Na pumzi yenyewe ni yangu mimi." Akawaeleza habari ya pumu, kwa maneno machache. Mwalimu Kandidi alitoa miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Na mwanao?" Koleta akauliza, na sauti ilikuwa imemshuka. "Gaude si yumo ndani? Humwonei huruma?"

Hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu Jumatatu, na bado lilimchoma.

"Mwanangu alikwenda akakaa barabarani kwa makalio yake mwenyewe," alisema. "Hakutuma mashine ikakae."

Akautazama ukumbi benchi kwa benchi.

"Sijasema tusisuse. Mimi nasusa. Mkuu wa Jimbo ana sherehe kesho, nitakwenda. Nitakaa mbele kabisa. Wakianza kuimba nitasimama nitoke, anione mgongo. Anayetaka twende wote. Lakini masikio nitakwenda nayo yote mawili."

"Na tukiwa watano tu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Basi tutakuwa watano. Atatuhesabu."

Kengele ikagonga. Waliihesabu wote, midomo ikitembea, mpaka ya kumi na mbili. Kibao kikazima taa yake ndogo nyekundu. Hakuna kilichobadilika. Kuku alilia nje. Kisha Bernadeta, bila kukusudia, akaguna wimbo kama mtu anavyoguna akiwa na wasiwasi, na alipojisikia akaziba mdomo kwa mikono miwili na kuanza kulia.

Mwalimu Kandidi alikwenda kwenye kinanda. Labda hakujua afanye nini kingine. Akamtazama Oliva, aliyesimama karibu na ukuta kama mtu aliyekuja kwa bahati mbaya, akabonyeza noti tatu za kwanza za wimbo wa maziko. Oliva akatikisa kichwa kukataa. Kandidi akazirudia. Na Oliva akaimba.

Siku arobaini. Sauti iliingia ukumbini nzito na ya joto, haikuonekana kutoka kwa mtu mmoja, na Mama Gaude akamwona mumewe kitandani, akauona mkono wake juu ya blanketi, akayaona maua ya bei rahisi kaburini na Gaudensi akishika koleo. Alikuwa ameingoja. Hakujua ni kwa kiasi gani alikuwa ameingoja. Mwili wote ulimwambia kaa, ubeti mmoja tu, nani atakulaumu.

Akasimama. Alisukuma kiti kwa taratibu kisipige kelele, akapita mbele ya meza, akapita mbele ya Oliva mwenyewe. Macho yao yakakutana. Oliva hakunyamaza, na Mama Gaude hakuharakisha. Ulikuwa mwendo mrefu mpaka mlangoni kuliko ule wa kwenda kupokea komunyo ya kwanza.

Nje jua lilikuwa la utosi. Akasimama chini ya ukingo wa bati, mgongo ukutani, mahali palipokuwa na kivuli cha upana wa mtu mmoja. Wimbo ulimfuata kupitia dirisha. Hakuwa na namna ya kuuzuia, wala hakutafuta.

Alisikia viti. Kimoja, kisha viwili, kisha akashindwa kuhesabu. Wengine walibaki ndani, na hao nao alisikia jinsi walivyobaki. Wa kwanza kutoka alikuwa Koleta, mjukuu mgongoni, uso umekunjamana.

"Sogea huko, Mama Gaude. Kivuli chenyewe kidogo."

Akasogea. Wakasimama bega kwa bega.

"Mimi bado naona umekosea," alisema Koleta.

"Inawezekana."

"Kesho nitakupitia saa mbili. Usinichelewishe."

Mtoto mgongoni alianza kupiga makofi. Ndani Oliva alikuwa akifika mwisho wa mstari, na kabla ya silabi ya mwisho, chini ya ukingo wa bati, wanawake wote wawili wakaiba pumzi kwa pamoja.